Pesa Zikivuka Maji: Safari ya Likoni, Changamwe na Kisauni

Mombasa husifiwa kwa kisiwa chake: Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, pembe za ndovu za Barabara ya Moi. Lakini wengi wa wanaokifanyia kazi kisiwa hicho hawalali humo. Hulala ng'ambo: kusini Likoni, magharibi Changamwe, kaskazini Kisauni. Kila alfajiri huingia mjini kwa feri, kwa daraja la Makupa na kwa daraja la Nyali, na kila magharibi hurudi na ujira wa siku. Nilizunguka pande hizi tatu nikiwa na swali moja: ni nini kinachomfanya mtu akubali kulipa kwa simu, na ni nini kinachomfanya akatae ilhali simu anayo mkononi?

Kwa Kenya swali hili laweza kuonekana limekwisha jibiwa. Utafiti wa FinAccess, ambao Benki Kuu ya Kenya hushiriki kuufanya, ulionyesha kwamba mwaka 2006 watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Sehemu kubwa ya kupanda huko ni kazi ya simu. Hata hivyo, kuwa na akaunti kwenye simu ni jambo moja, na kuitumia kulipia fungu la mchicha ni jambo jingine. Wapo wengi wanaopokea pesa kwa simu, wakaenda moja kwa moja kwa wakala kuzitoa, kisha wakafunga noti kwenye ncha ya leso na kuendelea na siku yao. Nilitaka kujifunza kutoka kwa watu hawa.

Likoni

Feri ya Likoni haimtozi nauli mwenda kwa miguu. Magari ndiyo yanayolipa. Watu wapatao 300,000 huvuka hapo kila siku, wengine wamebeba ndoo za samaki, wengine wamevaa sare za ulinzi, wengine vitabu vya shule. Ukishuka upande wa kusini unapanda mlima mfupi kati ya meza za viazi karai, machungwa yaliyomenywa, miwa na kashata, huku makanga wakiita Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga. Ndani ya kelele hizo, kila hatua chache, kuna kibanda kilichopakwa rangi ya kijani. Ni wakala wa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu.

Nilikaa na wakala mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa na foleni ndefu ilhali jirani yake, mwenye huduma ile ile na ada zile zile, alikuwa amekaa bila mteja. Nikamuuliza sababu.

"Mwanangu, hawa wanijua," akasema. "Pesa zikikwama, wajua kesho watanipata papa hapa. Yule mzee pale hajui kusoma. Namsomea ujumbe wake neno kwa neno, lakini nambari ya siri aibonyeza mwenyewe, mimi nageuza uso."

Akanionyesha daftari ambamo kila muamala una kiasi, saa na sahihi ya mteja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wateja wake wanajua daftari hilo lipo, na wanamjua anayeliandika. Hapo nikaanza kuelewa kwamba imani ya mtu katika pochi ya simu haianzii kwenye kampuni wala kwenye mtambo. Huanzia kwa mtu anayeonekana, mwenye mahali pa kumpata.

M-Pesa yenyewe haikuanza ikiwa ya kununulia vitu. Mwaka 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya simu ya Vodafone walipoijaribu kwa kushirikiana na kampuni ya Safaricom ya Kenya na shirika la mikopo midogo la Faulu, nia ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Wakopaji waliigeuza matumizi: wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikanadiwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Kabla yake, mtu aliyefanya kazi Mombasa alimpa dereva wa basi bahasha, au alisubiri ndugu anayesafiri, au alipanga foleni Posta kutuma hawala. Bahasha ikifika ilikuwa bahati, na ikipotea hapakuwa na wa kumdai.

Likoni inalieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu. Mwashi anayejenga Tudor, mkewe yuko Kinango, na unga umekwisha. Kati yake na nyumbani kuna maji, foleni ya feri na barabara ndefu. Huyu hakusubiri kushawishiwa na tangazo. Umbali ulimshawishi. Wachumi Tavneet Suri na William Jack, waliofuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, waliandika mwaka 2016 kwamba huduma hii ilizitoa kaya zipatazo 194,000 kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya za nchi. Utafiti wao wa awali ulieleza mojawapo ya njia: janga linapoipata familia, kama ugonjwa au ukame, wenye M-Pesa hupokea msaada wa jamaa kutoka mbali na hawalazimiki kupunguza chakula, ilhali wasio nayo hupunguza matumizi yao kwa takriban asilimia 7.

Kutuma, basi, kulikubalika kwa sababu ya umbali. Kulipa ni hadithi nyingine, na hadithi hiyo niliipata kwa muuza mahamri barabarani kuelekea Mtongwe. Asubuhi wateja wake hununua mahamri na mbaazi za shilingi 50 au 60, wote wana haraka ya feri, na tabu yake kubwa ni chenji. Mteja akitoa noti ya 1,000, biashara husimama. Kutuma shilingi 100 au chini ya hapo hakuna ada, kwa hiyo simu humwondolea adha ya chenji, naye huipokea kwa furaha.

"Lakini zikishaingia, zatoka vipi?" akaniuliza. "Muuza makaa hataki simu. Muuza nazi hataki simu. Yabidi niende kwa wakala."

Swali lake lina hesabu ndani yake. Kwa ada zilizowekwa mwaka 2023, kutoa shilingi 200 kwa wakala hukatwa shilingi 29. Kutoa shilingi 2,500 hukatwa shilingi 29 vile vile. Mwenye 2,500 hupoteza zaidi kidogo ya asilimia 1, na mwenye 200 hupoteza asilimia 14 na nusu. Ndiyo maana mama huyu hupokea kwa simu hadi saa mbili asubuhi, kisha huanza kuwaambia wateja walipe taslimu, kwa kuwa ameshapata cha kutosha kununulia unga dukani kwa simu, na kinachobaki lazima kiwe noti za makaa na nazi. Si kwamba hajui teknolojia. Anaijua mpaka shilingi ya mwisho.

Wapo pia watu ambao kwa miaka mingi hawakupewa hata nafasi ya kuchagua. Wavuvi wa pwani ya kusini ni wa asili mbalimbali, na miongoni mwao wamo Wapemba ambao vizazi vyao vimezaliwa Kenya bila kuwa na vitambulisho. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na akaunti ya M-Pesa vile vile. Asiye na kitambulisho aliuza samaki wake kwa taslimu au kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na mwenye jina ndiye mwenye pesa mbele ya sheria. Wamakonde wa Kwale, waliokuwa na tabu hiyo hiyo, walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa 2016, na Wapemba wakakabidhiwa vyao mwaka 2023. Watafiti wa soko wanapouliza kwa nini fulani hatumii pochi ya simu, hupenda kutafuta jibu katika elimu yake au umri wake. Kando ya maji ya Mtongwe, kwa baadhi ya watu, jibu lilikuwa katika ofisi ya serikali.

Changamwe

Kutoka Likoni sikurudi kwenye feri. Nilipita barabara ya Dongo Kundu, inayouunganisha upande wa kusini na Miritini juu ya madaraja marefu, chini yake mikoko na maji ya chumvi. Miritini ndiko iliko stesheni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, na tikiti za treni hiyo hulipiwa kwa simu. Kutoka hapo nikaelekea Mikindani, hadi mtaa unaoitwa Bangladesh, ambao ulikuwa chini ya eneo bunge la Changamwe kabla Jomvu haijakatwa kuwa eneo lake.

Mtaa huu una historia ambayo kila anayetaka kuelewa pesa mpya angepaswa kuijua. Mei 2013 wafanyabiashara wadogo wa hapa, wengi wao wanawake, walianzisha Bangla-Pesa. Zilikuwa hati za karatasi walizokubaliana kupokeana wakati shilingi hazipo: mshonaji alimlipa muuza maji, muuza maji akamlipa kinyozi, kinyozi akamlipa mshonaji. Wazo liliratibiwa na Will Ruddick, Mmarekani aliyekuwa akiishi pwani. Kabla mwezi haujakwisha yeye na wenzake watano walikamatwa na kushtakiwa kwa kughushi. Mashtaka yakaondolewa Agosti mwaka huo huo. Mpango ukaendelea, ukasambaa katika mitaa mingine, na baadaye ukaingia kwenye simu kwa jina la Sarafu, ukitumika hata kwenye kabambe, ile simu ndogo isiyo na intaneti.

Nilichokitafuta Bangladesh ni sababu ya watu maskini kukubali hati ambayo serikali haikuitambua. Mzee mmoja muuza kuni alinijibu bila kusita: "Shekhe, nilimwona jirani yangu akiipokea. Nikajua nikiwa nayo mkononi, kwake nitapata mboga." Hakuuliza nani ameichapisha wala ina thamani gani benki. Aliuliza nani mwingine ataipokea. Pesa ya aina yoyote husimama juu ya swali hilo, na pochi ya simu nayo haina msingi mwingine.

Changamwe yenyewe ni mji wa kazi. Kuna kiwanda cha zamani cha kusafishia mafuta, maghala, uwanja wa ndege na malori yanayoelekea Uganda, Rwanda na Kongo. Katika mitaa ya Magongo na Chaani utasikia Kiluhya, Kijaluo, Kikamba na Kitaita kabla hujasikia Kimvita, maana watu walikuja kwa kazi ya reli na bandari na bado wana nyumbani kwingine. Kwa hao, wito wa 2007 wa kutuma pesa nyumbani ulikuwa na maana kamili.

Jambo nililolikuta Magongo ni kwamba njia ya kulipa hufuata njia ya kulipwa. Vibarua wa maghala ambao ujira wao huingia kwenye simu jioni hununua mkate, maziwa na tokeni za umeme kwa simu, na mwenye nyumba hudai kodi yake kwa simu. Vibarua wanaolipwa noti mkononi hutumia noti, hata wakiwa vijana wa umri ule ule, wenye simu za aina ile ile. Mshahara ukiwa tayari ndani, kulipa kwa simu ni kuepuka ada ya kutoa. Ukiwa nje, kulipa kwa simu ni kazi ya ziada: kwanza uuweke, ndipo ulipe.

Kwenye stendi ya matatu nilimuuliza makanga mmoja kuhusu mwaka 2014. Wakati huo serikali iliagiza nauli zote nchini zilipwe bila taslimu, kwanza kufikia Julai, kisha ikasogeza hadi Desemba. Kadi za kila rangi zilikuwa zimeshaingia sokoni. Google na benki ya Equity walikuwa na kadi iitwayo BebaPay iliyoanza 2013. Ilifungwa Machi 2015, na agizo la serikali likafa bila kuzikwa. Leo makanga huyo huyo hupokea nauli kwa simu bila kuagizwa na mtu.

"Ile kadi ilikuwa ya tajiri," akasema, akimaanisha mwenye gari. "Pesa zaenda kwake moja kwa moja. Mimi mafuta nayalipa na nini? Kijana wa kuita abiria namlipa na nini? Hii ya simu naipokea mimi, nafanya hesabu yangu, jioni nampa tajiri yake."

Maneno yake yalinifungulia jambo ambalo wabunifu wengi hulisahau. Kadi ile ilikuwa nyepesi kutumia; kuigusisha kwenye mashine kulikuwa kwepesi kuliko kubonyeza menyu ya simu. Lakini ilihamisha mamlaka juu ya pesa za siku kutoka kwa waliomo garini kwenda kwa asiyekuwemo. Abiria naye alikuwa na hoja yake: pesa alizojaza kwenye kadi hazikuweza kununua nyanya wala kutumwa kwa mama yake. Zilikuwa zimefungwa ndani ya matatu. Simu ilimwachia makanga hesabu yake, na ikamwachia abiria pesa zinazoweza kwenda popote.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani Fred Davis alieleza kwamba mtu hukubali teknolojia kwa mambo mawili: anavyoiona ina manufaa kwake, na anavyoiona nyepesi. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake wakaongeza ushawishi wa watu wanaomzunguka na mazingira yanayomwezesha. Nadharia hizo zimerudiwa katika tafiti nyingi za malipo ya simu duniani, na sina ugomvi nazo. Lakini nikivuka Makupa kurudi kisiwani, niliwaza kwamba pande hizi za ng'ambo hupanga mambo hayo kwa mpangilio wake. Watu wa karibu ndio kwanza. Manufaa hufuata, na manufaa yenyewe hupimwa kwa shilingi za ada. Wepesi huja mwisho, maana mtu mwenye sababu nzito hujifunza hata menyu ngumu, au humtuma mjukuu.

Kisauni

Daraja la Nyali la zege lilifunguliwa 1980, likachukua nafasi ya daraja la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Ukilivuka tu unaikuta Kongowea, soko linalolisha mji mzima. Nilifika kabla ya jua. Malori ya viazi, vitunguu na kabichi kutoka bara yalikuwa yakishushwa, wapakuzi wakipokezana magunia, na wachuuzi wa Kisauni, Bamburi na Mtopanga wakichagua mali kwa mwanga wa tochi.

Hapa sababu ya kwanza ya kulipa kwa simu niliyotajiwa ni usalama. Mchuuzi anayetoka nyumbani saa kumi usiku akiwa na shilingi 30,000 mfukoni anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Visa vya vijana wenye mapanga Kisauni vimeandikwa magazetini mara nyingi. Akiwa nazo kwenye simu, mwizi atachukua simu bila nambari ya siri. Tangu 2023 mtu anaweza kutuma hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na kwa biashara ya magunia kumi ya vitunguu hiyo inatosha.

Lakini soko hilo hilo ndilo lililonifundisha hofu za upande wa pili. Muuzaji wa jumla wa vitunguu haangalii simu ya mteja anayemwonyesha ujumbe wa malipo. Husubiri ujumbe wake mwenyewe uingie, maana matapeli hutunga ujumbe unaofanana na ule wa kweli herufi kwa herufi. Hofu ya pili ni kurudishiwa. Mtu akituma pesa kimakosa anaweza kuupeleka ujumbe wa muamala kwenye nambari 456 na kuomba zirudishwe. Kwa mlipaji mnyofu hiyo ni rehema, na nimewasikia wengi wakisema ndiyo inayowapa ujasiri wa kutuma. Kwa muuzaji, mteja asiye na haya anaweza kubeba mzigo kisha akadai alikosea. Ndiyo sababu wachuuzi waliipokea vizuri Pochi la Biashara, ambayo mteja hawezi kuomba kurudishiwa bila muuzaji kuridhia, na ambayo hutenga pesa za biashara na za nyumbani. Mjadala wa wepesi husahau hili: kinga ya mlipaji na kinga ya mlipwaji huvutana, na huduma inayomlinda mmoja tu itakataliwa na mwenzake.

Ndani zaidi, karibu na Mlaleo, fundi cherehani mmoja alimwambia mteja wake neno nililolisikia tena na tena katika safari hii: "Usinitumie kwangu. Tuma kwa dadangu." Sababu ni Fuliza. Tangu Januari 2019, mwenye M-Pesa anaweza kukamilisha malipo hata salio likiwa halitoshi, kwa kukopeshwa tofauti. Deni hilo hujilipa lenyewe: pesa zinazofuata kuingia hukatwa kwanza. Kwa mama aliyekwama usiku na mtoto mgonjwa, mkopo huo una thamani isiyopimika. Lakini fundi aliyeupokea ujira wa gauni na kuona umemezwa wote hujifunza kuikimbia akaunti yake mwenyewe. Mkopo uliobuniwa kuongeza malipo ya simu humrudisha mtu kwenye noti, au kwenye simu ya dada yake.

Pwani ina sababu nyingine ambayo takwimu za taifa huipita upesi. Mzee wa duka la rejareja, mtu wa msikiti, aliniambia hutuma na kupokea kwa simu kila siku, lakini huduma za mikopo kama M-Shwari, iliyoanza 2012, hajazigusa wala hatazigusa, kwa sababu ya riba. Hakuwa akipinga simu. Alikuwa akichuja kilichomo ndani yake, kama anavyochuja kinachoingia dukani mwake. Benki ya Gulf African, inayofuata misingi ya Kiislamu, imeshirikiana na Safaricom kuleta huduma ya Halal Pesa kwa wateja wa namna yake. Mji wenye Waislamu wengi kiasi hiki unastahili kuulizwa mapema, wakati huduma inabuniwa, si baada ya miaka kumi.

Jioni wanawake wa chama kimoja cha akiba Kisauni waliniruhusu kukaa pembeni mwa mkutano wao. Walichanga kwa simu, na katibu akasoma ujumbe mmoja mmoja kwa sauti ili kila mmoja asikie. Mmoja wao akaniambia kwamba kwake simu ni kibubu ambacho mume hakioni. Wengine waliikumbuka Sarafu, ambayo wakati wa korona ilipelekwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya katika mitaa ya Mukuru huko Nairobi, kisha hapa Kisauni. Watafiti walioichambua miamala ya Sarafu ya kati ya Januari 2020 na Juni 2021, ya watumiaji wapatao 40,000, walikuta kwamba ilizunguka zaidi ndani ya ujirani, na kwamba vyama vya akiba, na mahali pengine viongozi wa dini, ndivyo vilivyokuwa vitovu vya mzunguko. Mzee wa kuni wa Bangladesh alikuwa ameniambia jambo hilo hilo kwa maneno machache zaidi.

Korona ilileta pia jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Machi 16, 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma shilingi 1,000 au chini ya hapo kusiwe na ada, na hali hiyo ikadumu hadi mwisho wa mwaka. Wachuuzi wa Kongowea wanaukumbuka mwaka huo. Walizoea kulipana mafungu madogo madogo kwa simu, na msamaha ulipobakizwa kwa shilingi 100 tu, baadhi wakarudi kwenye noti siku ile ile. Majirani zetu wana ushahidi wao. Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 mwaka 2018, ikalazimika kuipunguza hadi asilimia 0.5 kwa kutoa pesa tu. Tanzania ilianzisha tozo za miamala Julai 2021, na baada ya malalamiko ikazipunguza, kisha ikaondoa sehemu kubwa mwaka 2022. Brazili ilipofungua mfumo wa Pix Novemba 2020, iliufanya bure kwa watu binafsi, na mamilioni wakaukimbilia. Kenya, kwa upande wake, imepandisha ushuru unaotozwa juu ya ada za kutuma pesa kutoka asilimia 10 mwaka 2013 hadi 12 mwaka 2018, kisha 15 mwaka 2023. Huwezi kumwambia muuza mahamri aache noti huku ushuru unaopanda ukiifanya noti kuwa nafuu zaidi.

Baada ya kuzunguka pande zote tatu, jibu langu ni hili. Mtu wa pande hizi za ng'ambo ya kisiwa huingia kwenye pochi ya simu kwa sababu ya watu wake: yule anayemtumia ng'ambo ya maji, yule anayemlipa mshahara, yule jirani aliyemwona akipokea. Hubaki humo pale pesa zinapoweza kuendelea na safari bila kukatwa njiani, kutoka kwa mteja hadi kwa muuza unga, hadi kwa muuza makaa, hadi kwa karo ya mtoto. Na hutoka pale anapogundua kwamba pesa zikimponyoka hakuna uso wa kumwendea, au kwamba zikiingia kwake si zake tena.

Kwa hiyo wanaotaka malipo ya simu yaenee, iwe ni benki, kampuni au serikali, wana kazi iliyo wazi. Waanze kwa ada ya kutoa kiasi kidogo, kwa sababu hapo ndipo maskini, kwa uwiano, anapotozwa zaidi ya tajiri. Wawalinde mawakala wa mitaani, wapate kamisheni ya kuwaweka kibandani, maana hao ndio sura ya mfumo mzima kwa mzee asiyejua kusoma. Wamfikie muuza makaa na muuza nazi kabla ya kumlaumu muuza mahamri. Wahakikishe kila mzaliwa wa pwani ana kitambulisho chake kwa jina lake. Na wamwache mdaiwa na sehemu ya ujira wake wa siku, ili asilazimike kukimbia akaunti yake. Wakazi wa Likoni, Changamwe na Kisauni hawahitaji kufundishwa thamani ya pesa zilizo kwenye simu. Wanaipiga hesabu kila siku kwa uangalifu mkubwa, na huduma itakayowaheshimu katika hesabu hiyo wataipokea wenyewe.